Tangi Lililonyimwa Pumzi

Kwa miezi minne gari la baba lilikuwa likizimika siku zile tu nilizokuwa na pesa. Nikitia lita tano, linazunguka Tororo mjini, mashariki mwa Uganda, linakwenda hadi kiwanda cha saruji na kurudi, na injini haikatiki hata mara moja. Nikijaza tangi, halimalizi kilomita kumi. Niliyaandika hayo kwenye daftari, nikayasoma usiku mara nyingi, na asubuhi nikaendelea kununua vipuri vya injini.

Gari lenyewe ni Land Rover Series IIA ya mwaka 1967, ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli, injini ya petroli ya lita 2.25. Baba alikuwa fundi wa reli. Tulikulia kwenye nyumba za reli, na ndiyo maana mpaka leo nyumbani kwetu tunasema Kiswahili: jirani wa kulia alikuwa Mteso, wa kushoto Msamia, wa mbele Mjopadhola, na watoto wote tulicheza kwa lugha moja. Alilinunua gari hilo mwaka 1983 likiwa limechoka, akalitumia kupeleka mahindi sokoni, wagonjwa hospitalini na maiti makaburini. Mwaka 1996 gia ziligoma na likaegeshwa chini ya mwembe. Mwaka 2016 nilianza kulifufua, kwa sababu baba macho yalikuwa yanafifia na nilitaka alipande tena akiwa bado anaweza kuona barabara.

Bodi ya gari hizi ni ya alumini, kwa hiyo miaka ishirini ya mvua na maembe yaliyooza haikuila sana. Tangi ni la chuma. Liko chini ya kiti cha dereva, upande wa kulia, linabeba lita 45 hivi, na ndani lilikuwa na kutu iliyobanduka kama maganda ya muhogo. Kulisafisha kulichukua wiki nzima. Nitasema jambo moja tu kuhusu wiki hiyo: tangi lililomwagwa petroli bado lina petroli. Mvuke unabaki ndani, mzito kuliko hewa, haupandi kutoka wenyewe, na ukichanganyika na hewa ndipo unapokuwa tayari kulipuka kuliko lilipokuwa limejaa. Kijana mmoja wa gereji alitaka kuligusa kwa moto wa kulehemu siku ile ile tulipolimwaga. Nilimshika mkono. Tuliliosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, tukaliacha wazi juani siku kadhaa, na hata baada ya hapo sikuruhusu moto. Matundu mawili ya kutu tuliyaziba kwa gundi ya chuma inayovumilia petroli.

Kisha nikanunua mfuniko. Ule wa zamani ulikuwa umeliwa na kutu, na hapa kwetu gari likilala nje na mfuniko usio na kufuli, asubuhi unakuta mpira na jerikani vimepita. Duka moja la vipuri Kampala waliniuzia mfuniko wa kufuli, mzuri, mzito, una raba nene ndani. Ulikaa sawasawa kwenye shingo ya kujazia. Nilifurahi jinsi ulivyobana.

Majaribio yote tuliyafanya na mafuta kidogo. Nani anajaza tangi la gari ambalo hajui kama litawaka? Lita tano leo, lita tatu kesho. Gari likawa linakwenda vizuri, fundi akanipa mkono, tukapiga picha.

Siku ya kwanza niliyojaza ilikuwa siku ya kumpeleka baba Mbale kwa dada yake. Tulitoka asubuhi. Kilomita sita hivi nje ya mji injini ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikafa. Nikafungua boneti. Pampu ya mafuta ya injini hii iko ubavuni mwa injini, na ina kikombe cha kioo chini yake ambamo unaona petroli ikipita. Kikombe kilikuwa karibu kitupu. Tukakaa pembeni nusu saa, nikapiga starti, likawaka kama halijawahi kuugua. Kilomita nyingine sita, likafa tena. Baba hakusema kitu. Tuligeuza.

Fundi alisema ni pampu. Tukabadilisha kiwambo na vali zake. Likafa. Akasema ni joto: petroli inachemka kwenye bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, na ndiyo maana likipoa linawaka. Maelezo hayo yalikuwa na akili ndani yake, kwa hiyo tukafunga kitambaa chenye maji kwenye pampu, tukasogeza bomba mbali na injini. Likafa. Tukafungua kabureta, tukasafisha kila tundu. Tukabadilisha koili, kondensa, plagi. Tukaweka bomba jipya la shaba kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu. Kila mara tulilijaribu kwa lita tano za mafuta, na kila mara likapona. Nikijaza, linakufa.

Sasa nikilitazama daftari hilo naona jibu limekaa pale wazi. Tangi limejaa: kilomita sita. Tangi nusu: kilomita arobaini na kitu. Tangi robo au chini: haijatokea. Lakini sote tulikuwa tumezoea kwamba gari hukosa mafuta tangi likiwa karibu tupu, kwa sababu ya uchafu wa chini. Ugonjwa unaokuja tangi likijaa haukuwa na mahali pa kukaa kichwani mwetu.

Aliyeukamata ni baba. Safari hii tulikuwa tumefika karibu na Nabumali, Mlima Elgon unaonekana mbele, gari likazima. Alikuwa ameomba akae kiti cha dereva kidogo wakati tukisubiri, ashike usukani. Mimi nikashuka nikafungua mfuniko nichovye kijiti, nione kama geji inasema kweli. Nilipouzungusha nikasikia sauti ya hewa, fyuuu, ndefu, na baba akashtuka juu ya kiti.

"Kuna kitu kimenipiga chini," akasema. "Bati limegonga."

Nikamwambia labda ni kiti. Akakataa. "Mwanangu, mimi nimekaa na matangi ya reli miaka yote. Hilo lilikuwa limekunjamana, sasa limejinyoosha. Lilikuwa linavuta hewa haliipati."

Tulipiga starti hapo hapo, bila kusubiri nusu saa. Likawaka. Nikaacha mfuniko umekaa tu juu bila kubana, nikaufunga kwa kitambaa usidondoke, na tukafika Mbale, tukala kwa shangazi, tukarudi Tororo jioni bila injini kukohoa hata mara moja. Jaribio hilo naliamini kuliko vipimo vyote tulivyofanya miezi ile: gari likianza kufa kwa njaa ya mafuta, legeza mfuniko wa tangi kwanza. Likipona, usiguse pampu.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku hiyo, na nataka nilieleze vizuri kwa sababu najua kuna watu wengine wenye magari ya zamani wanaonunua pampu ya pili na ya tatu. Pampu ikivuta lita moja ya petroli kutoka kwenye tangi, lazima lita moja ya hewa iingie mahali pake. Isipoingia, hewa iliyomo inatanuka na nguvu yake inapungua, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Sasa tazama: tangi likiwa na petroli robo, juu yake kuna zaidi ya lita thelathini za hewa. Ukitoa lita mbili, hewa hiyo haihisi sana. Tangi likijaa hadi shingoni, hewa iliyopo ni lita mbili tatu tu. Ukitoa lita moja umekwisha kuinyonga. Gari hili linakwenda kilomita sita kwa lita. Ndiyo zile kilomita sita za daftari langu. Na ile nusu saa ya kusubiri haikuwa ya kupoza injini. Ilikuwa ya hewa kupenya polepole kwenye raba ya mfuniko hadi pampu ipate nafuu.

Mfuniko wa awali wa gari hili ulikuwa na njia ndogo ya hewa. Niliuokota kwenye takataka za gereji, nikaukwangua kutu, nikaiona. Ule niliouziwa umetengenezwa kwa magari ya baadaye, ambayo mfuniko wake hautakiwi kuachia mvuke. Marekani ilianza kulazimisha hivyo, California kwanza mwaka 1970 na nchi nzima mwaka uliofuata: mvuke wa petroli usitoke angani, upitie kwenye mkebe wenye mkaa unaounyonya, kisha injini iuvute na kuuchoma. Gari la namna hiyo lina bomba lake la kupumulia mahali pengine. La 1967 pua yake ni mfuniko. Ukiuziba, umeziba kila kitu.

Hapo palinichanganya jambo moja, na naona linawachanganya wengi. Kwenye tangi langu kuna mipira miwili inayopanda hadi kwenye shingo ya kujazia, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Ule mwembamba nilidhani ndio wa kupumulia. Niliupuliza, ukapitisha, nikasema basi hewa ipo. Lakini mpira huo kazi yake ni nyingine: ukijaza mafuta, hewa iliyo ndani ipande kupitia humo isije ikarudisha petroli usoni pako. Unaishia chini ya mfuniko, ndani. Haufiki nje.

Fundi alikuwa na dawa ya dakika mbili. Alichukua drili akatoboa mfuniko wangu katikati. Kila gereji inafanya hivyo, na gari likapona kweli. Lakini mimi sikuipenda dawa hiyo, na baada ya mwezi nilikuwa na sababu. Tangi likijaa, kila kona ya kushoto ilirusha matone kutoka kwenye tundu, petroli ikachuruzika kwenye rangi ya kijani niliyoipaka kwa mkono, ikaacha mstari mweupe. Masika yalipoingia, maji nayo yakapata njia. Niliyaona kwenye kikombe cha kioo cha pampu: maji hukaa chini ya petroli, unaona mpaka wao kabisa. Na juani ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Petroli inayotoka kwenye tangi la chini ya ardhi ni baridi. Ukijaza lita 45 kisha ukaegesha gari mpaka zipate joto zaidi kwa digrii ishirini, zinaongezeka karibu lita moja. Lita hiyo itatoka. Kwangu ilitoka kwenye tundu la mfuniko ikashuka ubavuni, hatua chache na mahali ambapo mama wa jirani anachoma mahindi. Nilipofika pale na kuona ule utando unang'aa chini, nilisogeza gari kwa kulisukuma. Sikuthubutu kuliwasha.

Kwa hiyo niliamua kulijengea tangi njia yake ya hewa, kamili, na mfuniko wa kufuli ubaki umebana kama ulivyo. Tundu la drili nililiziba kwa solda.

Kazi yenyewe haikuhitaji moto karibu na tangi, na hilo nalisisitiza. Bomba linalotoa petroli limeshikiliwa juu ya tangi na kibati kidogo cha skrubu. Nilikifungua, nikaenda nacho mbali, kwa fundi mwingine kabisa, akakitoboa na kukilehemu kibomba cha shaba cha milimita sita. Nikakirudisha na gasketi mpya. Kutoka hapo nikavuta mpira.

Makosa mawili niliyafanya kwenye mpira. La kwanza, nilitumia ule wa plastiki unaopitisha mwanga, wa dukani kwa vifaa vya ujenzi. Baada ya miezi miwili uligeuka njano, ukawa mgumu kama mrija wa papai uliokauka, ukapasuka penye klipu. Petroli inataka mpira wa petroli. Gharama yake kwa mita inaumiza, na hakuna njia nyingine.

La pili lilikuwa gumu kuliona. Tulikwenda Kapchorwa. Barabara inapanda kutoka Mbale hadi zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kona juu ya kona, na huko juu hewa ya nje ni nyepesi kwa asilimia 8 hivi kuliko ya Mbale, kwa hiyo tangi linapanda likisukuma mvuke nje na linashuka likivuta hewa ndani. Tulipanda salama. Tulipoanza kushuka, baada ya maporomoko ya Sipi, lile kohozi la zamani likarudi. Nilijisikia vibaya sana. Nikalegeza mfuniko, fyuuu, likapona. Njia ya hewa ilikuwa imeziba, na mpira ulikuwa mpya.

Nilitambaa chini ya gari pale pale ukingoni mwa barabara. Mpira ulikuwa umetoka juu ya tangi, ukashuka chini ya mhimili wa chesisi, kisha ukapanda tena nyuma. Pale chini uliponing'inia palikuwa pamejaa petroli. Kwenye zile kona ilikuwa imemwagikia kwenye mpira kidogo kidogo, ikajikusanya kwenye bonde, na hewa haipiti kwenye bonde lililojaa maji, iwe choo, iwe mpira wa tangi. Nikaukata, nikaupuliza, tukarudi nyumbani.

Sasa mpira unapanda moja kwa moja kutoka kwenye tangi, nyuma ya kiti, hadi juu kuliko mdomo wa kujazia, unageuka mara moja tu na kushuka nyuma ya gurudumu, mbali na ekzosi. Hauna bonde hata moja. Petroli ikirukia ndani inarudi yenyewe tangini. Kule juu kabisa nimeweka vali ndogo niliyoitoa kwenye tangi la gari la Kijapani lililogongwa. Ndani yake kuna kigololi: ikisimama wima hewa inapita, gari likipinduka kigololi kinaziba petroli isimwagike. Niliiosha, nikaipuliza ikiwa wima, ikapitisha, nikaigeuza, ikakataa. Ya kwanza niliyopata ilipitisha pande zote mbili, nikaitupa. Gari ambalo dereva wake anakalia tangi linastahili vali hiyo kuliko gari lolote.

Nilidhani nimemaliza. Januari mwaka uliofuata kazi zilinibana Malaba, gari likakaa wiki saba bila kuwashwa, kiangazi kimekolea. Niliporudi nikajaza, nikatoka, kilomita sita. Safari hiyo sikukohoa nalo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa mpira nyuma ya gurudumu, nikaingiza kidole, nikagusa udongo mgumu. Nyigu. Wale weusi wenye kiuno chembamba wanaojenga kwa tope, ambao kila nyumba ya huku inawajua kwenye matundu ya kufuli na kwenye mabomba ya maji yasiyotumika. Alikuwa ameziba mdomo kwa plagi ya udongo yenye urefu wa kidole, na ndani yake buibui aliowawekea watoto wake.

Hakuna kitabu cha huduma cha kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, kilichonionya kuhusu nyigu, wala sikilaumu. Niliweka kipande cha wavu wa chujio la chai, kikashika vumbi. Nikakitoa nikaweka kichujio cha petroli cha boda boda, kile kidogo cha plastiki, kinapatikana kila kona, mdomo wake ukiangalia chini. Kinapitisha hewa ya kutosha kabisa kwa injini hii, na vumbi la barabara ya murram halifiki tangini. Nakibadilisha kabla ya masika na kabla ya vuli.

Baba alipanda hadi Kapchorwa mara mbili zaidi, tangi limejaa, akiuliza kila baada ya kona tatu kama nimesikia kitu. Mwaka huu macho yamekwisha kabisa, lakini bado anapenda akae kiti cha dereva gari likiwa limeegeshwa nyumbani, mikono kwenye usukani, na huniambia nikafungue mfuniko asikilize. Naufungua. Tunanyamaza wote wawili mpaka atikise kichwa kwamba ni sawa.

Kichujio nilichokitoa mwezi uliopita kilikuwa na udongo mkavu mdomoni, mviringo mdogo, kazi ya nyigu aliyeanza akaacha. Nikaweka kipya.